Leseni ya ushauri nasaha Texas: chunga saa zako tangu siku ya kwanza

Kila mara ndugu zetu hapa Houston wanaponipigia kuuliza habari za leseni ya ushauri nasaha, swali la kwanza ni mtihani. Mtihani wa NCE, yaani mtihani wa kitaifa wa washauri, una maswali 200, na 160 ndiyo yanayohesabiwa. Ukikaa ukasoma, unapita. Kinachotesa watu ni saa za kazi chini ya usimamizi.

Texas inataka kwanza shahada ya uzamili ya krediti 60. (Kama umesomea Nairobi au Dar, cheti chako kitapelekwa kutathminiwa, kwa hiyo agiza nakala za matokeo mapema.) Halafu unapewa leseni ya LPC Associate (LPC ni mshauri nasaha mwenye leseni kamili; Associate bado anafanya kazi chini ya msimamizi). Hapo unatakiwa kufikisha saa 3,000, kwa muda usiopungua miezi 18, na 1,500 kati ya hizo ziwe za kuhudumia wateja wenyewe. Kuandika ripoti na kuhudhuria vikao kunaingia kwenye nusu ile nyingine. Na kila mwezi ukae na msimamizi wako saa nne.

Mimi nilipoteza saa 140. Msimamizi wangu aliacha kazi ghafla, na meneja, mshauri mwenye leseni na uzoefu wa miaka mingi, akaniambia niendelee tu, yeye atanisainia. Nilimwamini. Wiki saba nilikuwa namhudumia mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo, ambaye kwa Kiingereza alikuwa akijibu “fine” tu, lakini kwa Kiswahili alinieleza jinsi mawazo yanavyomkaba usiku mpaka anatoka kwenda kukaa ngazini. Kazi ile ilikuwa ya kweli, na yule mama alianza kulala. Lakini kwenye hesabu ya leseni haikuwemo, kwa sababu Texas inamtambua msimamizi aliyeidhinishwa tu, yule mwenye LPC-S (S ni ya “supervisor”, msimamizi), na meneja hakuwa nayo. Herufi moja! Nililia ndani ya gari, sioni haya kusema.

Ndiyo maana nawasihi: msimamizi akiondoka, simamisha hesabu siku hiyohiyo. Tafuta jina la yule mpya kwenye tovuti ya baraza la jimbo, hakikisha hadhi yake ya usimamizi bado ipo hai, jazeni fomu ya makubaliano, ndipo uendelee. Daftari la saa lisainiwe kila mwisho wa mwezi, wala usingoje mwaka uishe ndipo uanze kumfukuzia mtu aliyekwishahama mji.

Na usidhani ukijua ya Texas umejua ya Marekani yote. California nayo inataka saa 3,000, ila za wateja ni 1,750. Minnesota, kwa leseni ya LPCC (mshauri wa kitabibu), ni 4,000, na 1,800 ziwe za wateja. Ukiwa na mpango wa kuhama, soma kanuni za kule unakokwenda kabla hujalipa ada ya chuo.

Jambo hili linawagusa pia wateja wetu, maana familia za wakimbizi zinahama sana. Yule mama alipofuata binti yake Ohio, aliomba tuendelee kwa simu. Ilibidi nikatae, kwani leseni inaangalia mteja yuko wapi wakati wa mazungumzo. Nilimtafutia mshauri wa kule, na mkalimani wa Kiswahili cha Kongo. Ilinichukua siku nne.