Moyo Baada ya Mshtuko: Majibu Kuhusu Dawa za Mimea

Swali: Daktari, baba alipata mshtuko wa moyo mwezi uliopita. Tumesoma kwamba resveratroli ya maganda ya zabibu hulinda moyo. Tumpe?

Jibu: Msimpe. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara muulizaji ameishia kwenye kichwa cha habari. Ni kweli, wapo panya waliopewa resveratroli ambao moyo wao uliumia kidogo kuliko wa wenzao mshipa wake wa damu ulipozibwa. Lakini wengi walipewa kabla ya kuzibwa, na baba yenu tayari ameshashikwa. Isitoshe, utumbo na ini la binadamu huibadilisha haraka mno, kiasi kwamba inayobaki kwenye damu ni kidogo sana. Kurkumini, ile ya kiungo cha manjano, ina shida hiyohiyo. Na asitokee wa kumshauri anywe mvinyo mwekundu: lita nzima huwa na miligramu chache tu za resveratroli, na pombe yenyewe hudhuru moyo.

Swali: Kwa hiyo mimea haina faida yoyote?

Jibu: Nani kasema? Aspirini ina asili yake kwenye salisini ya gome la mwerebi. Mwaka 1988 utafiti wa ISIS-2, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo, ulionyesha kuwa miligramu 160 kwa siku kwa mwezi mmoja zilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Huo ndio ushahidi ninaoutaka: watu, dozi inayojulikana, vifo vilivyohesabiwa.

Kuna pia kolchisini, dawa ya zamani ya gauti (ugonjwa wa maumivu ya viungo) itokayo kwenye mmea wa Colchicum. Misuli ya moyo ikifa, chembe nyeupe za damu huvamia pale na kuwasha uvimbe, kolchisini huzituliza. Utafiti wa COLCOT wa 2019 uliwapa wagonjwa nusu miligramu kwa siku baada ya mshtuko. Waliopatwa na tatizo jipya la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 5.5, dhidi ya 7.1 kwa wasiopewa. Tukafurahi. Mwaka 2024 utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa zaidi ya 7,000, haukuona tofauti. Sasa jiulizeni: kama dawa iliyopimwa hivi bado inabishaniwa, yule anayewauzia chupa ya unga wa majani anapata wapi uhakika wake? Na kolchisini ikizidi dozi huua, basi msijinunulie.

Swali: Statini, dawa yangu ya kushusha kolesteroli, inaniumiza misuli. Nimeiacha, natumia vidonge vya kitunguu saumu.

Jibu: Umekosea, na nakuomba urudi kwa daktari wako wiki hii. Maumivu ya misuli yana ufumbuzi: dozi hupunguzwa au statini hubadilishwa. Vidonge vya kitunguu saumu haviwezi kushika nafasi yake, na ukivichanganya na aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, damu inaweza kuvuja kwa urahisi. Ukiona fizi zinatoa damu kila upigapo mswaki, usipuuze. Choo kikiwa cheusi na cha kunata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Vipi juisi ya balungi?

Jibu: Kama unameza simvastatini, aina mojawapo ya statini, acha juisi hiyo kabisa. Huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa, nayo ikarundikana mwilini.

Swali: Basi tule nini?

Jibu: Mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya mimea badala ya siagi. Huko Lyon, Ufaransa, watu 605 waliowahi kupata mshtuko waligawanywa makundi mawili. Waliokula kwa mtindo huo walirudiwa na mshtuko mara chache zaidi, pungufu ya nusu ya wenzao. Walibadilisha sahani nzima, na dawa zao waliendelea nazo.

Swali: Nina mmea wa Digitalis bustanini. Nichemshe majani?

Jibu: Usithubutu. Digoksini, dawa ya moyo, hutoka kwenye jamii ya mmea huo, na dozi inayotibu iko karibu mno na inayosimamisha moyo. Jani haliwezi kukuambia limebeba kiasi gani.