Supu ya kuku: mboga za kutoa na mboga za kuliwa

SWALI: Shikamoo mama. Kila Jumapili napika supu ya kuku na kila mara inaniharibikia pale pale. Natia kuku, karoti, viazi, kabichi, pilipili hoho na kitunguu vyote kwa pamoja, nafunika, naacha saa tatu. Nikifunua, harufu ya kabichi imejaa nyumba nzima, karoti zinavurugika ukizigusa na kijiko, na mchuzi ni mzito kama maji ya mchele. Watoto wanachagua nyama, mchuzi wanauacha. Ni mboga gani hasa niweke?

JIBU: Marahaba mwanangu. Siku ukipika tena, kabla hujapakua, toa kipande kimoja cha hiyo karoti ya saa tatu ukitafune peke yake. Rangi utaiona bado ipo, ila mdomoni ni kama unatafuna pamba. Utamu wake wote umeshahamia kwenye mchuzi. Hapo ndipo shida yako ilipo. Kwenye supu ya kuku kuna mboga za kutoa ladha, ambazo mwisho wake ni chujio, na kuna mboga za kuliwa, ambazo zinaingia supu ikishakaribia kuiva. Wewe umelipatia kundi moja kazi zote mbili, na zote mbili zimelishinda.

Tuanze na za kutoa. Hapa mimi sina mzaha: kitunguu maji, karoti na seleri. Wapishi wa Kifaransa wana jina lao kwa mchanganyiko huu, mirepoix, na kipimo chao cha zamani ni kitunguu sehemu mbili, karoti sehemu moja, seleri sehemu moja. Kwa kuku wa kilo 1.5 na maji lita 3, mimi huweka gramu 250 za kitunguu, 125 za karoti na 125 za seleri. Usiongeze karoti kwa kuwa tu ni nzuri. Zikizidi, supu inakuwa tamu kama sharubati. Seleri ukiikosa, weka liki, au mabua ya giligilani yaliyofungwa kwa uzi. Ongeza punje 10 hivi za pilipili manga, jani moja la bay (yale majani makavu ya kiungo), punje mbili za kitunguu saumu, na basi.

Siku moja nilitaka kujua kila mboga inaleta nini. Nikachukua mchuzi wa kuku usio na kitu kingine, nikaugawa kwenye sufuria tatu ndogo: ya kwanza karoti, ya pili kitunguu, ya tatu seleri. Nikakaa na kijiko na saa ya ukutani. Dakika ya 20, sufuria ya karoti ilikuwa na utamu mwepesi, na ya seleri ilikuwa imeanza kunukia. Dakika ya 40, ya kitunguu ndiyo iliyonishangaza: mchuzi ulijaa mdomoni kana kwamba nimeongeza kuku mwingine. Seleri ilileta kitu kinachokaribia chumvi, pamoja na uchungu mdogo sana nyuma ya ulimi, ule unaokufanya utake kuonja tena. Saa moja ilipotimia nilionja zote, nikasubiri saa nyingine nzima, nikaonja tena. Hakuna kilichoongezeka. Ya karoti ilikuwa imeanza kupooza.

Tangu siku hiyo, mboga zangu za kutoa zinaingia saa moja ya mwisho. Kuku anatangulia. Mtie kwenye maji baridi, washa moto wa wastani, na povu likianza kupanda liengue kwa upawa mpaka liishe. Ndipo mboga ziingie, zimekatwa vipande vikubwa. Kama ni kuku mzee aliyekoma kutaga, mpe saa mbili peke yake kwanza. Kwa kuku mchanga, mboga ziingie mara tu povu likiisha.

Na moto, mwanangu! Mchuzi wako hauchafuki kwa sababu ya viazi peke yake, ingawa wanga wao umechangia. Supu inayochemka kwa fujo chini ya mfuniko inapigapiga mafuta mpaka yanavunjika vipande vidogo mno na kuchanganyika na maji, na ndiyo maana inageuka nyeupe. Acha mfuniko wazi kidogo, punguza moto mpaka uone viputo vichache tu vikipanda upande mmoja wa sufuria.

Sasa chuja. Najua inauma kutupa mboga, lakini zimeshamaliza kazi. Nyama itenge, chambua, rudisha mchuzi motoni. Hapa ndipo unapochagua mboga za kuliwa, na hapa una uhuru. Karoti mpya, zikatwe vipande vya sentimita moja, dakika 10 hadi 12. Viazi vya ukubwa huo huo, dakika 15. Maharage machanga ya kijani, dakika 6 au 7. Njegere, 3 au 4. Spinachi iingie ukishazima moto, koroga mara mbili, pakua. Ikikaa motoni, kijani chake kinageuka rangi ya zeituni, na vitamini C, ambayo haistahimili joto la muda mrefu, inapungua. Uyoga ukiupenda, ukaange kwanza pembeni kwa mafuta ya kuku uliyoyaengua juu ya mchuzi, upate rangi. Unaongeza ladha kama ya nyama.

Kabichi yako sikunyimi. Kabichi, koliflawa na brokoli ni ukoo mmoja, na zote zina viambata vya salfa. Kadiri zinavyochemka ndivyo harufu ile inavyozidi kutoka. Ikate kabichi nyembamba kama nyuzi, itie dakika 5 kabla ya kupakua, na utaona ni mboga nyingine kabisa, tamu. Pilipili hoho ya kijani ndiyo ningeiacha. Ikichemka sana inaacha uchungu unaofunika ladha ya kuku. Bitiruti nayo hapana, labda kama unataka supu nyekundu.

Chumvi, mwishoni. Mchuzi unapungua unapochemka, chumvi haipungui.

SWALI: Mama, mimi napenda supu yenye uchachu, kwa hiyo natia nyanya na limau mwanzoni. Mbona viazi na karoti vinakaa saa nzima na katikati bado ni vigumu?

JIBU: Ni hiyo hiyo nyanya, na hilo limau. Seli za mboga zimeshikana kwa kitu kinachoitwa pektini, kama gundi. Joto la maji ya kawaida linailegeza, ndipo kiazi kinalainika. Kwenye mchuzi wenye asidi gundi hiyo haiachii upesi. Pika viazi na karoti mpaka uma upite bila kusukuma, ndipo utie nyanya, uipe dakika 10. Limau likamuliwe kwenye bakuli, si kwenye sufuria. Harufu yake ni nyepesi, inapotea na mvuke.

SWALI: Nina karoti zilizolegea, seleri iliyonyauka na maganda ya kitunguu. Nitupe?

JIBU: Usitupe, dada. Karoti iliyolegea imepungukiwa maji tu, ladha yake ipo. Inafaa kabisa kwenye kundi la kutoa. Kwa kundi la kuliwa chagua ile ukiivunja inalia. Maganda makavu ya kitunguu, yale ya rangi ya dhahabu, yaoshe na utie ya kitunguu kimoja au viwili: yanaupa mchuzi rangi ya asali bila kuongeza kitu kingine. Yakizidi yanaleta uchungu.

Vya kutupa ni hivi: kitunguu kilicholainika shingoni na kunuka, mboga yoyote yenye ukungu au utelezi, na kiazi kilichogeuka kijani. Hicho kina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kichwa cha karoti kikiwa kijani, kata sehemu hiyo tu, ni chungu, iliyobaki itumie.