Jibu: Aliyemwoa dada ya mke wangu nimwite nani?

Ndugu yangu, bwana aliyemwoa dada ya mke wako ni mwanyumba wako, nawe ni mwanyumba wake. Wingi ni wanyumba. Shemeji ni huyo dada mtu mwenyewe, na kaka za mke wako pia. Najua huku Kisumu mkishuka kwenye gari kupeleka mahari, kila anayewapokea langoni huitwa shemeji, hata jirani aliyekuja kusaidia kupanga viti. Kwa mazungumzo hakuna ubaya. Lakini unapotambulisha watu matangani, sema, "Huyu ni mwanyumba wangu," na anayelijua neno ataelewa papo hapo kwamba mmeoa nyumba moja. Neno tamu hili, tulitumie! Wifi je? Hilo ni la wanawake kwa wanawake: mke na dada ya mumewe huitana hivyo.