Mkunga Anajibu: Miguu Iliyovimba, Kiungulia na Mgongo Usiolala

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Vihiga, Nakuru na Kakamega, na karibu zote zina jambo moja linalojirudia: mwandishi alimweleza mtu wa karibu linalomsumbua, naye akajibiwa kwamba "hiyo ni mimba tu". Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Ila humnyima mwanamke vitu viwili, yaani nafuu ambayo angeipata ingawa si mgonjwa, na uangalifu wa kuitambua siku ambayo kweli si mimba tu.

Swali: Mkunga, hujambo? Mimi huuza samaki katika soko la Kibuye hapa Kisumu na mimba yangu ina miezi saba. Hufika sokoni saa kumi na mbili asubuhi na kurudi nyumbani magharibi. Tangu mwezi uliopita, ikifika jioni miguu huwa imevimba hadi ndara zinanibana, na usiku msuli wa tafu hunikaza hadi napiga kelele. Mama mkwe amenishauri nipunguze kunywa maji, na anasema kuvimba huku ni dalili ya mtoto wa kiume. Nifanyeje?

Jibu: Sijambo, mama. Kwanza maji usiyapunguze. Kuvimba huku hakutokani na maji unayokunywa. Kufikia miezi ya mwisho, damu ya mjamzito huwa imeongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha awali, na mwili hutunza maji zaidi kwa hiari yake. Wakati huo huo mji wa mimba unaokua huukandamiza mshipa mkubwa unaoirudisha damu kutoka miguuni hadi moyoni, kwa hiyo damu hurudi polepole na maji hujipenyeza nje ya mishipa na kutuama penye vifundo vya miguu. Ukiongeza joto la Kisumu, ambalo huitanua mishipa, na saa kumi na mbili za kusimama au kuketi kwenye kigoda, utaona kwa nini jioni ndara zinakataa na asubuhi zinaingia vizuri. Mwanamke anayejinyima maji hapati miguu myembamba. Hupata kichwa kuuma, choo kigumu na mkojo unaochoma.

Sitakuambia uache biashara, kwa maana najua samaki hawangoji. Tafuta kreti tupu la soda, lipindue chini ya meza yako, tandika leso juu yake, kisha uweke miguu hapo kila wateja wanapopungua. Hata robo saa mara tatu au nne kwa siku huleta tofauti unayoweza kuiona. Ukiwa umeketi, zungusha vifundo vya miguu na upandishe na kushusha vidole, kwa sababu msuli wa tafu ndio pampu inayoisukuma damu ipande. Chenji ikikosekana, nenda ukaitafute mwenyewe badala ya kumtuma kijana, kwani kutembea ni bora kuliko kusimama pale pale. Jioni lala kwa ubavu, miguu ikiwa juu ya mto. Pete ikianza kubana ivue mapema, kabla haijahitaji sabuni. Chumvi itumie kwa kiasi, na usiongeze viungo vya unga vya mchuzi juu ya samaki ambaye tayari ametiwa chumvi. Ukiambiwa katika duka la dawa kwamba kuna kidonge cha kukojoa kitakachoumaliza uvimbe, usikinunue.

Msuli unapokaza usiku, usivinyooshe vidole kuelekea chini, kwa maana hapo ndipo unauzidishia. Nyoosha goti, kisha uvute vidole vya mguu kuelekea usoni kwako, au usimame na kuukanyagia unyayo wote kwenye sakafu baridi, halafu ukandekande tafu hadi liachie. Kabla ya kulala, simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma bila kuinua kisigino, uhesabu hadi thelathini, kisha ubadilishe mguu.

Sasa lile ambalo si mimba tu. Uvimbe ukipanda usoni na mikononi, hasa ukija ghafla, au ukipatwa na maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, macho kuona ukungu au vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu, usingoje tarehe ya kliniki; nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huanza baada ya wiki ya 20 na linaweza kumfikisha mama kwenye kifafa cha mimba. Mashine ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, jambo hilo si la kusubiriwa. Ndiyo maana kila unapoenda kliniki ni lazima upimwe presha, na mkojo uangaliwe kama una protini. Usipopimwa, uliza kwa adabu lakini uliza. Kichwa kikiuma pamoja na homa, kumbuka pia kwamba huku ziwani malaria iko, na mjamzito hapaswi kuibahatisha: apimwe damu. Na uvimbe ukiwa katika mguu mmoja tu, tafu likiwa na joto, wekundu na maumivu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mguu huo usikandwe, nenda hospitali.

Kuhusu mtoto wa kiume, mpe mama mkwe salamu zangu za heshima. Nimewapokea wasichana wengi ambao mama zao walifika wakiwa peku kwa kukosa viatu vya kuwatosha.

Swali: Mimi ni mwalimu karibu na Luanda, kaunti ya Vihiga, na nina mimba ya miezi sita. Kiungulia hunianza baada ya chakula cha jioni na hunikesheza. Kitu pekee kinachonituliza ni ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Tena tembe za damu nilizopewa kliniki zimenifungia choo na kukifanya cheusi, nikaziacha. Je, ni kweli kwamba kiungulia huletwa na nywele za mtoto?

Jibu: Mwalimu, nianze na nywele, kwa sababu umeniuliza jambo ambalo miaka mingi nimelicheka, kumbe nilicheka mapema. Mwaka 2006 nchini Marekani ulichapishwa utafiti mdogo wa wanawake 64 tu, na watafiti, ambao walidhani wangeivunja imani hiyo, wakakuta kwamba waliosumbuliwa zaidi na kiungulia kwa kawaida walizaa watoto wenye nywele nyingi. Hata hivyo si nywele zinazochoma. Walieleza kwamba huenda homoni zile zile zinafanya kazi zote mbili. Homoni za ujauzito, hasa projesteroni, hulegeza misuli mingi ya ndani, ukiwemo ule unaofunga mlango kati ya umio na tumbo la chakula. Mlango ukilegea na mtoto akisukuma kutoka chini, asidi hupanda.

Ulegevu huo huo ndio unaopunguza mwendo wa matumbo na kukufunga choo, kwa hiyo malalamiko yako mawili yana mzizi mmoja, na mengi ya kuyatuliza yanatoka jikoni. Usile sahani moja kubwa ya ugali saa tatu usiku baada ya kusahihisha madaftari. Gawa chakula mara tano au sita, kidogo kidogo, na cha mwisho kiwe angalau saa mbili au tatu kabla ya kulala. Angalia kinachokuchokoza zaidi: kwa wengi ni vyakula vya mafuta mengi, pilipili, kahawa, chai ya rangi nzito na machungwa yaliyoliwa tumbo likiwa tupu. Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu yake miwili, maana kurundika mito kunakunja tu shingo na tumbo. Usinywe maji ya magadi wala munyu wa kienyeji, ambavyo huingiza chumvichumvi nyingi mno mwilini. Yasipotosha hayo, zipo dawa za kiungulia zenye kalsiamu au magnesiamu zinazofaa wajawazito, nawe utaandikiwa kliniki. Dawa hizo usizimeze pamoja na tembe za damu; ziachanishe kwa saa mbili.

Udongo huo, ambao sisi wa ziwani tunauita odowa, sitaki kukuaibisha nao. Wanawake wengi wanaokuja kliniki wanao katika mkoba, na wachache sana husema. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na tabu yake ni kwamba udongo wenyewe huyazuia madini ya chuma yasifyonzwe, kwa hiyo unavyoutafuna ndivyo upungufu unavyozidi. Zaidi ya hayo huweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, na kukaanga juu ya moto hakuondoi risasi. Mwambie muuguzi wazi, upimwe kiwango cha damu. Ukitamani kutafuna, jaribu karoti mbichi iliyooshwa vizuri au mahindi ya kuchoma.

Basi usiziache tembe. Kidonge unachopewa kliniki kina miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na choo cheusi ni rangi ya chuma tu, si ugonjwa. Kikikuchafua moyo asubuhi, kimeze usiku baada ya chakula chepesi. Usikimeze na chai, ambayo hushika chuma. Iache chai ikae mbali nacho kwa saa moja au zaidi, na ule kipande cha papai au embe pamoja na kidonge. Kwa choo, kunywa maji glasi nane hadi kumi kwa siku, na uzifurahie mboga ambazo Vihiga haijawahi kuzikosa: mrenda, kunde, saga, mnavu. Mrenda hasa huteremka na kuteremsha. Choo kikiachwa kigumu, bawasiri huja, na hiyo ni barua nyingine.

Swali: Mimi ni mume, naandika kutoka Njoro, Nakuru. Mke wangu ana mimba ya wiki 33. Mgongo unamuuma upande wa chini na nyonga zinamchoma anapogeuka kitandani. Rafiki ameniambia ninunue diklofenaki. Je, inafaa?

Jibu: Haifai, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza kabla ya kununua. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake zinaweza kuziharibu figo za mtoto aliye tumboni na kuyapunguza maji anamoogelea, na katika miezi ya mwisho zinaweza kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida na kwa siku chache ndiyo inayokubalika, muuguzi akijua.

Lakini nikuulize: maji nyumbani huletwa na nani? Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mke wako tayari anabeba mzigo unaouvuta mgongo mbele, huku viungo vya nyonga vikiwa vimelegezwa na homoni ili mtoto apate njia. Ukiuchukua mtungi huo wewe, utakuwa umempa dawa bora kuliko duka lolote. Nguo azifue beseni likiwa juu ya meza au stuli, si ameinama chini. Akiokota kitu, akunje magoti. Viazi avimenye ameketi kwenye kiti chenye egemeo.

Usiku alale kwa ubavu, kushoto au kulia, akiwa na mto katikati ya magoti na mwingine mdogo chini ya tumbo. Tangu wiki ya 28 hatutaki mjamzito alale chali, kwa sababu mtoto huweza kukosa damu ya kutosha. Akiamka na kujikuta chali, ajigeuze tu na asiogope. Akigeuka, abane magoti pamoja na kugeuza mabega na nyonga kwa mara moja. Suruali au nguo ya ndani aivae akiwa ameketi. Asubuhi na jioni apige magoti na viganja chini, aupandishe mgongo kama paka aliyeona mbwa, kisha aunyooshe, mara kumi polepole. Kwa baridi ya Njoro, chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo ikiwekwa kiunoni humtuliza sana. Isiwekwe juu ya tumbo. Bodaboda juu ya barabara yenye mashimo aipunguze kadiri iwezekanavyo.

Maumivu yakianza kuja na kuondoka kwa mpangilio, tumbo likikaza, au maji au damu ikitoka, huo huenda ni uchungu uliokuja kabla ya wiki ya 37, kwa hiyo mpeleke hospitali mara moja. Yakiandamana na homa na mkojo unaochoma, huenda figo zimeingiliwa na maambukizi. Na mtoto akipunguza kucheza, msingoje kesho.

Swali: Mimi ni mwanafunzi mjini Kakamega. Nina mstari mweusi kutoka kitovuni kushuka chini, mashavu yamefanya madoa, na tumbo lina michirizi inayowasha. Kuna krimu ya kung'arisha nimeshauriwa nitumie.

Jibu: Krimu hiyo iache dukani, binti yangu. Nyingine zina zebaki, na zebaki humfikia mtoto. Mstari na madoa huletwa na homoni zinazoichochea rangi ya ngozi, navyo hufifia polepole miezi kadhaa baada ya kujifungua. Jua huyakoleza madoa, kwa hiyo vaa kofia pana. Michirizi hufuata urithi zaidi kuliko mafuta. Mafuta yoyote mepesi yasiyo na manukato makali yatapunguza mwasho, ingawa hakuna yanayothibitika kuizuia. Lakini mwasho ukihamia viganjani na nyayoni bila vipele, ukizidi usiku, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, usiupake chochote. Huenda ini limeshindwa kuitoa nyongo ipasavyo, na hilo hujulikana kwa kupima damu, kwa hiyo nenda hospitali siku hiyo na useme mahali hasa panapowasha.