Kundi la karibuu huhesabiwaje?

SWALI: Ndugu wahariri, nimesoma kwamba kundi la karibuu (wanyama wa nchi za baridi za kaskazini, wenye pembe za matawi) liitwalo Porcupine, kule Alaska na Kanada, lilikadiriwa kuwa na wanyama 218,000 mwaka 2017. Wanyama wanaohama hivyo wanahesabiwaje?
Msomaji wa Ibanda, Bukavu

JIBU: Mbu ndio wanaosaidia. Mwanzoni mwa Juni majike huzaa kwenye tambarare ya pwani ya Bahari ya Aktiki. Kufikia Julai mbu huwa wengi mno, na karibuu husongamana kwa maelfu, kila mmoja akijikinga katikati ya wenzake. Hapo ndege hupita juu ikipiga picha zinazopandana kidogo ili pasibaki pengo, kisha wanyama huhesabiwa kwenye picha. Baadhi yao wamevishwa kola za redio, nazo huonyesha walipo. Wenye kola wakikosekana pichani, hesabu ina tundu.

Kinachoharibu kazi ni hali ya hewa. Upepo au baridi ikifukuza mbu, karibuu hutawanyika. Ukungu ukishuka, rubani haoni kitu. Ndiyo maana miaka mingine hupita bila hesabu. Na msimu wa theluji usiufikirie kabisa: wametapakaa kusini, wengi misituni, wakifukua theluji kwa kwato kutafuta likeni, chakula chao kifananacho na mimea midogo iotayo ardhini.