Maswali ya Wasomaji: Pointi Nne Nyuma ya Nne Bora, Mechi Nne Mkononi

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja cha kaskazini mwa jimbo la New York, na timu yetu ya wanaume ya hoki ya barafu inacheza ligi ya ECAC Hockey. Baada ya mechi 18 za ligi tuko nafasi ya sita kwa pointi 29. Wa nne ana 33, wa tano 31, wa saba 28, wa nane 26 na wa tisa 25, na wote wamecheza mechi sawa na sisi. Wikiendi hii tunacheza nyumbani na timu za nafasi ya 10 na ya 12. Wikiendi ya mwisho tunasafiri: Ijumaa tunakutana na vinara wa ligi, Jumamosi na huyo huyo wa nne, ambaye alitufunga katika muda wa nyongeza mwezi Desemba. Wenzangu wanasema nne bora imeshatuponyoka. Je, ni kweli? Na je, kuna tofauti gani kubwa kati ya kumaliza wa nne na wa tano, ikiwa timu zote 12 zinaingia kwenye mtoano?

Jibu: Haijaponyoka, lakini mlango umebaki wazi kidogo sana. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu asiyejua thamani ya nafasi ya nne hawezi kuelewa kwa nini kocha wenu huenda akafanya mambo ya ajabu katika dakika za lala salama za msimu.

Ni kweli kwamba timu zote 12 za ECAC zinaingia kwenye mtoano, na jambo hilo huwafanya mashabiki wengi wauone msimu wa kawaida kuwa hauna uzito. Hata hivyo, msimamo wa ligi hii una miteremko miwili mikali. Wa kwanza uko kati ya nafasi ya nne na ya tano. Timu nne za juu hazichezi raundi ya kwanza kabisa. Zinapumzika, kisha zinakuwa wenyeji wa robo fainali inayochezwa kwa mechi tatu, ambapo anayeshinda mbili ndiye anayesonga mbele. Wa pili uko kati ya nafasi ya nane na ya tisa: timu za tano hadi nane zinakuwa wenyeji wa raundi ya kwanza, na za tisa hadi 12 zinafunga safari kwenda kucheza ugenini. Raundi hiyo ni ya mechi moja tu. Ukifungwa, msimu umekwisha usiku huohuo.

Hapo ndipo ilipo tofauti unayoiulizia. Katika hoki, pengine kuliko michezo mingi ya timu, golikipa mmoja aliyeamka vizuri anaweza kuibeba timu dhaifu kwa usiku mmoja. Wapinzani wake wanaweza kupiga mashuti mara mbili ya yale ya timu yake na bado wakafungwa bao moja kwa sifuri. Kuibeba timu hiyo kwa usiku wa pili na wa tatu mfululizo ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo maana timu iliyo bora hupendelea mfululizo wa mechi tatu. Kwa hiyo wa nne anapata mambo matatu kwa mpigo: wiki ya kupumzisha majeruhi, uwanja wa nyumbani, na nafasi ya kusahihisha makosa ikiwa atateleza Ijumaa. Wa tano anapata uwanja wa nyumbani kwa usiku mmoja, na akishinda anakwenda kucheza robo fainali ugenini.

Faida ya nyumbani nayo haiishii kwenye kelele za mashabiki. Mchezo unaposimama na timu zikitaka kubadilisha wachezaji, kocha mgeni lazima awaingize wake kwanza, ndipo kocha mwenyeji achague wake akiwa ameshaona nani wako mbele yake. Kocha mwerevu huitumia fursa hiyo usiku kucha kumkabidhi mshambuliaji hatari wa wageni kwa walinzi wake wawili bora, na mgeni hana la kufanya isipokuwa kuwabadilisha wachezaji huku mchezo ukiendelea, jambo ambalo lina hatari zake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ligi inatoa pointi tatu kwa ushindi wa ndani ya dakika 60. Mechi ikiisha kwa sare, zinaongezwa dakika tano za wachezaji watatu kwa watatu, na ikibidi mikwaju ya penalti. Anayeshinda kwa njia hizo anapata pointi mbili, anayeshindwa anapata moja. Kila mechi, basi, inagawa pointi tatu, zisizozidi wala kupungua. Kwa mechi nne zilizobaki mnaweza kupata pointi 12 zaidi na kufikia 41.

Tazama mwendo wa kila timu hadi sasa. Wa nne amekusanya wastani wa pointi 1.8 kwa mechi, na akiendelea hivyo atamaliza karibu na 40. Wa tano ataishia kwenye 38 hivi. Ninyi, kwa mwendo wenu wa 1.6, mtaishia 35. Kwa maneno mengine, mkiendelea kucheza kama mlivyocheza msimu mzima, wenzako wako sahihi. Nne bora inahitaji mbadilike, na kwa makadirio yangu inahitaji pointi 10 kati ya 12: ushindi tatu za ndani ya dakika 60, na ya nne angalau ifike kwenye muda wa nyongeza.

Kinachowapa matumaini ni ratiba. Mechi ya Jumamosi ya mwisho dhidi ya wa nne ndiyo ile ambayo mashabiki huiita mechi ya pointi sita, ingawa kwa mfumo huu ni sahihi zaidi kusema kwamba inaweza kufuta pengo la pointi tatu. Timu mbili zikilingana, kigezo cha kwanza cha kuzitenganisha ni matokeo baina yao. Mwezi Desemba mlifungwa katika muda wa nyongeza, kwa hiyo ninyi mlipata pointi moja na wao mbili. Mkiwafunga Jumamosi ndani ya dakika 60, jumla ya mechi hizo mbili itakuwa nne kwenu na mbili kwao. Maana yake ni kwamba mkiingia uwanjani siku hiyo mkiwa nyuma kwa pointi tatu, ushindi wa kawaida utawalinganisha kwa pointi na kuwaweka juu yao. Leo mko nyuma kwa nne. Katika mechi tatu zinazotangulia mnatakiwa kuwapunguzia pointi moja tu.

Pointi moja inaonekana ndogo hadi unapokumbuka kwamba mojawapo ya mechi hizo ni dhidi ya vinara. Ndiyo maana wikiendi hii ya nyumbani naiona kuwa nzito kuliko hiyo ya mwisho ambayo kila mtu anaizungumzia. Timu za nafasi ya 10 na ya 12 hazina cha kupoteza, zinajaribu mifumo na wachezaji kwa ajili ya mtoano, na timu nyingi zilizokuwa na ndoto ya nne bora zimedondosha pointi mbele ya wapinzani wa namna hiyo. Mkipata zote sita mtakuwa na 35. Mkipata nne, mtakuwa mnaombea wengine wateleze, na kumbuka kwamba hamumfukuzi wa nne peke yake. Wa tano naye yuko mbele yenu kwa pointi mbili na hamkutani naye tena.

Kuna jambo moja la kutazama iwapo mtafika Jumamosi mkiwa nyuma kwa pointi tatu kamili. Tuseme mechi iko sare na zimebaki dakika mbili. Muda wa nyongeza hauwasaidii kitu, kwa sababu hata mkishinda mtapata mbili na wao moja, na pengo litabaki mbili. Hapo kocha anayejua hesabu atamtoa golikipa wake na kumwingiza mshambuliaji wa sita, huku matokeo yakiwa bado sare. Mashabiki wengi watashika vichwa, lakini itakuwa hesabu sahihi, hata ikileta matokeo mabaya. Katika ligi ya kulipwa ya NHL, tarehe 16 Aprili 2024, Philadelphia Flyers waliohitaji ushindi wa dakika 60 walimtoa golikipa wakiwa sare ya 1-1 na Washington Capitals, T.J. Oshie wa Capitals akatelezesha kisahani kinachochezewa hoki hadi kwenye goli tupu, Capitals wakashinda 2-1 na kufuzu mtoano. Flyers walichekwa sana. Mimi sikuwacheka, maana sare isingewafaa kitu.

Mwisho, geuza shingo utazame nyuma. Mko pointi nne chini ya wa nne, lakini pia mko pointi nne tu juu ya wa tisa. Ili mwangukie kwenye kundi la wanaosafiri raundi ya kwanza, timu zote tatu zilizo chini yenu lazima ziwapite, jambo ambalo halielekei kutokea, na ushindi mmoja wa dakika 60 wikiendi hii utakaribia kuifuta kabisa hofu hiyo. Ukinilazimisha nitabiri, nitasema mtamaliza wa tano au wa sita, mkiwa wenyeji wa mechi moja ya mtoano. Nne bora naipa nafasi moja katika tano.

Swali: Timu ikikosa nne bora, je, mashindano ya taifa yanakuwa yamekwisha kwake? Nimesikia kwamba bingwa wa ligi pekee ndiye anayekwenda.

Jibu: Ulichosikia ni nusu ya ukweli. Mashindano ya taifa ya daraja la kwanza kwa wanaume yana timu 16. Ligi sita kila moja inapeleka bingwa wa mtoano wake moja kwa moja, na nafasi 10 zinazobaki zinajazwa kwa orodha ya ubora wa kitaifa inayotokana na matokeo ya msimu mzima na nguvu ya wapinzani. Kuanzia msimu wa 2025-26 kipimo kinachotumika kinaitwa NPI, kilichochukua nafasi ya PairWise iliyozoeleka kwa miaka mingi. Katika hesabu hiyo ushindi wa muda wa nyongeza hauna uzito sawa na wa dakika 60, na mechi iliyoamuliwa kwa penalti inahesabiwa kuwa sare, hata kama ligi imempa mshindi pointi mbili.

Mifano miwili kutoka ECAC yenyewe inatosha. Mwaka 2023 Quinnipiac ilitolewa na Colgate katika nusu fainali ya ligi huko Lake Placid, na Colgate ikatwaa Kombe la Whitelaw, yaani kombe la bingwa wa mtoano wa ECAC, kwa kuifunga Harvard. Kwa kuwa Quinnipiac ilikuwa juu katika orodha ya taifa, ilikwenda kwenye mashindano hayo bila taji la mtoano, na ikawa bingwa wa taifa kwa kuifunga Minnesota 3-2, Jacob Quillan akifunga sekunde ya 10 ya muda wa nyongeza. Hiyo ndiyo njia ya timu kubwa.

Njia nyingine ni ya Cornell mwaka 2025. Ilimaliza ligi nafasi ya sita, kwa hiyo ilianzia raundi ya kwanza, na kwa orodha ya taifa isingefuzu. Ikashinda robo fainali ugenini, ikaitoa Quinnipiac katika nusu fainali huko Lake Placid, ikaifunga Clarkson 3-1 katika fainali na kukata tiketi kwa ubingwa. Kisha ikaiondoa Michigan State, iliyokuwa miongoni mwa timu nne zilizopewa nafasi za juu kabisa, kabla ya kusimamishwa na Boston University katika muda wa nyongeza. Ulikuwa msimu wa mwisho wa kocha Mike Schafer, aliyeiongoza timu hiyo tangu 1995. Timu ya nafasi ya sita inaruhusiwa kuutaja mfano huo, mradi isisahau kwamba ililazimika kushinda kila hatua bila kuteleza.

Swali: Harvard inapocheza Beanpot mwezi Februari, je, pointi zinaingia kwenye msimamo wa ECAC?

Jibu: Haziingii. Beanpot ni mashindano ya vyuo vinne vya eneo la Boston, na vitatu kati yake, yaani Boston College, Boston University na Northeastern, ni vya ligi ya Hockey East. Hata vyenyewe vikikutana katika Beanpot, mechi hiyo haihesabiwi kwenye ligi yao. Inahesabiwa katika orodha ya taifa, na hilo lina maana kwa Harvard ikiwa iko karibu na mstari wa timu 16, zaidi ya hapo inawapa uchovu wa Jumatatu usiku kabla ya mechi za ligi za Ijumaa.