Kabla Hujaagiza Lenzi ya Infraredi

Wadogo zangu mnaoanza maabara hapa Arusha, juzi nimeona tena mtu kaweka dirisha la kioo cha kawaida mbele ya kihisi cha infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, cha mawimbi ya mikromita 8 hadi 14, halafu anashangaa grafu imelala. Kwa bendi hiyo, kioo kile ni ukuta. Nawapenda, lakini nimechoka kurudia, kwa hiyo someni.

1. Anza na joto la mfumo wenyewe, lenzi baadaye. Kila kitu chenye joto la chumba hung'aa kwa infraredi, zaidi karibu na mikromita 10: meza, mabano, mwili wa lenzi, na wewe uliyekaa hapo. Kundi lililowatangulia lilisumbuka sana kwa hili. Usomaji ulikuwa unapanda na kushuka bila mpangilio. Wakabadilisha kebo, wakabadilisha kikuza mawimbi, wakaulaumu umeme, programu ikaandikwa upya, na vipimo vingi vikatupwa. Kisha aliyekuwa mezani akanyanyuka kwenda kumimina chai, na grafu ikashuka palepale. Akarudi, ikapanda. Nyuma ya tundu la mwanga kulikuwa na bano la alumini lililosuguliwa likametameta. Alumini ya namna hiyo haitoi mionzi mingi, lakini huakisi karibu yote inayoifikia, na ilikuwa inakipelekea kihisi joto la uso wa yule kijana. Dawa ilikuwa utepe mweusi wa fundi umeme. Sasa mtu akiniletea mchoro, nauliza kwanza: kihisi kinaona nini pembeni mwa lenzi?

2. Maji yanayochemka hapa hayafiki nyuzi 100. Tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, yanachemka karibu na nyuzi 95. Moshi ni kama 97. Mkihakiki gimba jeusi, yaani chanzo cha mionzi cha kupimia kihisi, kwa sufuria ya maji yanayochemka, kumbukeni hilo.

3. Gerimaniamu, mada ya kutengenezea lenzi za infraredi, hubadilika na joto. Lenzi ya fokasi (umbali hadi mionzi inapokutana) ya milimita 100 ikipata nyuzi 10 zaidi, fokasi husogea zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Asubuhi ya Julai na mchana wake ni mifumo miwili tofauti. Tena haipitishi mwanga unaoonekana kwa macho, hivyo leza nyekundu haiwasaidii kuipanga. Kwa kolimeta, yaani kifaa cha kunyoosha mionzi iende sambamba, mimi huchagua kioo cha kuakisi cha umbo la parabola kilichopakwa dhahabu: mawimbi yote hukutana mahali pamoja, unapanga kwa leza, unapima kwa infraredi. Ila dhahabu ni laini. Vumbi lipulizeni kwa hewa kavu. Nikikuta mtu anaifuta kwa pindo la koti, tutakosana.